Washa, Kisha Zungusha: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Kiufundi

Kwa kawaida ukurasa huu wa uhakiki hushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tunawaomba radhi wapenzi wa fasihi, kwani tunakusudia kuhakiki sentensi moja tu, tena sentensi isiyo na sitiari wala mhusika. Sentensi yenyewe ni hii: "Washa, kisha zungusha polepole hadi taa iwake." Ina maneno saba. Sarufi yake haina kasoro. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiiandika katika zoezi, mwalimu ataipitia bila kuitia wino mwekundu.

Hata hivyo, sentensi hiyo ilimuumiza kijana mmoja mkono, nayo ilitoka mezani petu. Tuliitafsiri sisi, ikapitiwa na wenzetu wawili wenye shahada za lugha, na hakuna kati yetu aliyeona hatari iliyokuwamo. Mkosoaji hana budi kuanza na nyumba yake. Ndiyo maana hatutahakiki kazi ya mtu mwingine.

Chimbuko la sentensi

Chuo kimoja cha ufundi, si mbali na mpaka wa Malaba, kilituomba tutafsiri kurasa nne za maelekezo kutoka Kiingereza. Wanafunzi wake walikuwa mchanganyiko: Waganda wa mashariki, Wakenya, na wachache kutoka Kongo. Lugha waliyoelewana wote ilikuwa Kiswahili. Kurasa hizo zilihusu kupima na kurekebisha wakati wa cheche, yaani kile ambacho mafundi hukiita taimingi, kwenye trekta kuukuu la petroli aina ya Ferguson TE20. Matrekta ya jamii hiyo yaliundwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na zaidi ya 500,000 yalitoka kiwandani. Yalikuwapo ya petroli, ya mafuta ya taa na ya dizeli. Injini ya namna hiyo haina kompyuta. Kila kitu huonekana kwa macho na kurekebishwa kwa mkono, na kwa sababu hiyo bado inafaa kufundishia.

Kabla ya kuihakiki sentensi, inatupasa kueleza jambo lenyewe, maana sisi hatukulielewa vya kutosha tulipoanza kutafsiri. Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli. Cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko huo. Lakini mchanganyiko hauungui wote mara moja. Huchukua kitambo kidogo. Kwa hiyo cheche inapaswa kuruka pistoni ikiwa bado haijafika juu kabisa, ili nguvu ya mlipuko ifikie kilele chake pistoni ikiwa imeshageuka na kuanza kushuka. Cheche ikichelewa, injini hukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Cheche ikiwahi mno, injini hugonga, na wakati wa kuianzisha kwa hendeli inaweza kurudi nyuma kwa kishindo na kumpiga anayeizungusha.

Wakati huo wa cheche huamuliwa na distributa. Ndani yake mna pointi, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Pointi zinapoachana, koili hutoa umeme mkali unaofika kwenye plagi. Fundi huilegeza distributa, huigeuza kidogo, na kuikaza pale ambapo pointi zinaanza kuachana kwa wakati unaotakiwa. Ili ajue zimeachana, hufunga taa ndogo: waya mmoja kwenye distributa, mahali unapofikia waya wa koili, na mwingine kwenye bodi. Pointi zikigusana taa huzimika; zikiachana taa huwaka. Hiyo ndiyo taa iliyotajwa katika sentensi yetu.

Ajali

Kijana alikuwa amefuata maelekezo vizuri hadi hapo. Alikuwa ameitafuta silinda ya kwanza kwa kuziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akaona hewa inamsukuma, akairudisha plagi mahali pake. Alikuwa amelegeza distributa. Kisha akasoma: "Washa, kisha zungusha polepole hadi taa iwake." Akageuza swichi. Betri ilikuwa dhaifu, haikuweza kusukuma stata, lakini ilitosha kutoa cheche. Akashika hendeli ya mbele, akaizungusha. Distributa ilikuwa imelegea na kukaa upande wa kuwahisha. Injini ikapiga mara moja, ikarudi nyuma. Mkono ulivimba kwa siku kadhaa. Kwa bahati njema haukuvunjika.

Tulipofika pale kujua hali yake, fundi mzee anayewafundisha vijana hao alitukaribisha kwa adabu, akatukalisha kwenye benchi, akaufungua ukurasa wetu juu ya magoti yake.

"Mwalimu," alisema, "hapa mmeandika washa. Nani awashe nini?"

"Mzee, tulimaanisha swichi."

"Basi si mngesema swichi. Na hapa, zungusha. Azungushe nini?"

"Distributa."

Hakuongeza neno. Alitukabidhi ukurasa, nasi tukausoma upya kama watu wanaouona kwa mara ya kwanza.

Kitenzi "washa"

Tuanze na neno la kwanza. Katika Kiswahili, mtu huwasha taa, huwasha moto, huwasha redio, huwasha gari. Kitenzi kimoja kinabeba kazi nyingi, na katika maisha ya kila siku hakuna anayepotea, kwa sababu kitu kinachowashwa hutajwa au huonekana. Lakini mbele ya injini ya petroli, "washa" ina maana tatu kwa wakati mmoja: kugeuza swichi ili umeme ufike kwenye koili, kuanzisha injini, na kuunguza mchanganyiko ndani ya silinda. Maana ya kwanza ilikuwa yetu. Ya pili ndiyo iliyomjia kijana, na hatuwezi kumlaumu, kwani ndiyo maana ya kawaida kabisa mtu anaposimama mbele ya trekta.

Jambo la kutuaibisha ni kwamba lugha ya gereji ilikuwa imeshatatua tatizo hilo bila msaada wetu. Mafundi pale husema "weka swichi", "piga stata" au "piga hendeli", na injini inapokubali husema "imewaka". Wana kitenzi tofauti kwa kila tendo. Sisi, kwa kutafuta Kiswahili safi, tuliyafuta matendo matatu na kuyaweka katika neno moja.

Kitenzi "zungusha"

Kosa la pili ni la kisarufi zaidi, na tunawaomba walimu walitazame kwa makini. Kitenzi "zungusha" kimeachwa bila yambwa. Mtu atasema: basi, tungeweka kiambishi cha yambwa, "izungushe", na mambo yangekuwa shwari. La hasha. Hebu tuorodheshe vitu vinavyoweza kuzunguka katika injini hiyo: distributa, hendeli, rota, puli, feni, injini yenyewe. Vyote ni maneno ya mkopo, na vyote vimeingia katika ngeli ya I-ZI. "Izungushe" ingeweza kurejelea chochote kati ya hivyo.

Tumezoea kujivunia kwamba upatanisho wa kisarufi huondoa utata, na ni kweli, maadamu vitu vinavyozungumzwa viko katika ngeli tofauti. Tukisema "chukua kisu na mkate, kisha ukinoe", hakuna atakayenoa mkate. Lakini maneno mengi ya vyombo vya kisasa hukopwa na kumiminika katika ngeli moja, na hapo upatanisho unapoteza makali yake. Katika maandishi ya kiufundi, dawa ni moja tu: kurudia nomino. Zungusha distributa. Kaza distributa. Usizungushe hendeli.

Hapa ndipo tunapojikosoa kama walimu. Tangu shule ya msingi tunawafundisha wanafunzi kwamba kurudiarudia neno ni udhaifu wa mtindo. Tumekata alama kwa sababu hiyo miaka mingi, nasi tulikatwa vilevile tulipokuwa tukisomea uzamili. Kanuni hiyo inafaa insha ya kubuni. Tukiipeleka kwenye maelekezo ya injini, inaondoa kitu pekee kinachomwongoza msomaji.

Mahali pa tahadhari

Kosa la tatu ni la mpangilio. Baada ya sentensi yetu ilifuata hii: "Kabla ya kufanya hivyo, hakikisha umetoa plagi zote." Ni sentensi sahihi, na ingemwokoa kijana kabisa. Plagi zote zikiwa nje, hakuna silinda inayobana hewa, kwa hiyo hakuna mlipuko wa kurudisha hendeli. Lakini sentensi hiyo ilikuja baada ya tendo. Msomaji wa riwaya husoma sura nzima akiwa ameketi. Msomaji wa maelekezo husoma sentensi, huinua mikono, hufanya, kisha hurudi kwenye karatasi. "Kabla" ikiandikwa baada, imechelewa. Ni sawa na cheche yenyewe: si kuwapo kwake tu kunakotakiwa, bali kuwapo kwa wakati wake.

Na nomino je?

Wasomaji wa kijarida hiki watatarajia tuzungumzie istilahi, kwani huo ndio mjadala unaopendwa na idara zetu. Tunakiri kwamba nomino zetu nazo zilikuwa na vituko. Pointi tuliziita "nukta", na vijana wakatafuta alama za rangi kwenye distributa. Mahali ambapo pistoni hufika juu kabisa na kusimama kitambo kabla ya kugeuka, Kiingereza hupaita kwa neno lenye maana ya kufa. Nasi tukaandika "kituo mfu cha juu". Kijana mmoja aliuliza ni nani aliyekufa. Kuwahisha cheche tulikuita "kuendeleza cheche", kana kwamba cheche ni mradi wa maji. Bodi ya trekta tuliita "ardhi". Mwenzetu mmoja alipendekeza "upande hasi", lakini matrekta mengi ya Uingereza ya zama hizo, pamoja na haya, yalifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kwa hiyo hilo nalo lingekuwa kosa.

Lakini tunaomba jambo moja lizingatiwe. Nomino hizi zilichekesha, hazikumwumiza mtu. Kijana alipokutana na "nukta" alisimama, akauliza, akacheka, akaendelea. Neno geni humsimamisha msomaji. Neno alilolizoea, lenye maana mbili, halimsimamishi. "Washa" na "zungusha" ni maneno anayoyajua mtoto wa miaka mitatu, na kwa sababu hiyo yalipita bila kuulizwa, kwetu na kwake.

Hilo ndilo dai letu katika makala haya. Kazi ya istilahi katika Kiswahili, tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930 hadi BAKITA iliyoundwa 1967, imetupatia hazina kubwa, na sehemu kubwa ya hazina hiyo ni nomino. Kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia, iliyotoka 1990, tunaitumia hadi leo. Hatuidharau hata kidogo. Tunachosema ni kwamba sisi tunaofundisha tafsiri tumeridhika mno na orodha ya majina ya vitu. Tumekusanya nomino, tukasahau vitenzi. Mashine haiendeshwi kwa kutajwa jina.

Pingamizi

Mwenzetu mmoja, alipoyasoma haya katika rasimu, alitupinga kwa hoja nzito. Alisema fundi aliyefunzwa vyema asingekosea. Kosa ni la mafunzo, si la lugha. Tunakubali nusu. Fundi mzee asingekosea, kwa sababu hakuhitaji ukurasa wetu. Ukurasa uliandikwa kwa ajili ya asiyejua. Maelekezo yanayoeleweka na anayejua peke yake hayajamwelekeza mtu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kwamba basi tuchukue lugha ya gereji kama ilivyo. Hapa pia tunasita. Fundi alipotueleza namna ya kuitafuta silinda ya kwanza, alisema, "Leta pistoni juu." Lakini katika injini hii pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi: mara moja ikibana hewa, mara ya pili ikisukuma moshi nje. Ni ya kwanza tu inayotakiwa. Fundi hakulisema hilo kwa sababu kidole chake kilikuwa tayari kwenye tundu la plagi, alikuwa akituonyesha. Lugha ya gereji hutegemea kidole kinachoonyesha. Karatasi haina kidole. Kwa hiyo vitenzi vya gereji tuvichukue, lakini yale yanayosemwa kwa mkono hatuna budi kuyaandika.

Tafsiri ya pili

Tuliiandika upya sehemu hiyo tukiwa gereji, fundi akisahihisha. Tunaiweka hapa ili nayo ihakikiwe:

1. Toa plagi zote nne. Ondoa ule waya mnene wa koili kwenye distributa, kisha ufunge imara kwenye bodi, mbali na petroli.

2. Pima mwanya wa pointi kwa fila, na uurekebishe kufuata kitabu cha injini. Usiiache hatua hii hadi mwisho: mwanya ukipanuliwa, pointi huachana mapema zaidi, na taimingi yote hubadilika.

3. Ziba tundu la plagi ya silinda ya kwanza kwa kidole. Swichi ikiwa imezimwa, zungusha hendeli polepole. Hewa ikisukuma kidole, pistoni inapanda ikibana. Endelea kuzungusha hendeli hadi alama ya taimingi ikae mahali pake. Acha hendeli. Ondoa hendeli.

4. Fungua kifuniko cha distributa. Hakikisha rota inaelekea waya wa silinda ya kwanza.

5. Funga taa ya kupimia: waya mmoja kwenye skrubu ndogo ya distributa inayofikiwa na waya wa koili, waya wa pili kwenye bodi.

6. Legeza distributa. Weka swichi. Usipige stata.

7. Geuza distributa kufuata mwelekeo wa rota hadi taa izimike. Kisha geuza distributa polepole kinyume na mwelekeo wa rota. Taa inapoanza tu kuwaka, simamisha mkono wako hapo hapo.

8. Kaza distributa. Zima swichi.

Fundi aliongeza onyo ambalo halikuwamo katika Kiingereza: distributa huzunguka mara moja injini inapozunguka mara mbili, kwa hiyo digrii 1 kwenye distributa ni digrii 2 kwenye injini. Mkono mzito huharibu. Aidha, alitaka tuandike juu ya ukurasa kwamba maelekezo haya ni ya injini yenye betri na koili. Injini ya magneto hupimwa kwa njia nyingine, na dizeli haina cheche kabisa.

Msomaji ataona kwamba neno "distributa" limerudiwa mara nyingi kiasi cha kuchosha. Ataona pia kwamba hakuna "washa" hata moja. Tuliwapa vijana wawili ambao hawakuwapo mara ya kwanza, tukakaa kando bila kusema neno. Walifika hatua ya nne wakakwama: kifuniko "kimefunguliwa" lakini kimeachwa kikining'inia mahali penye giza, rota haionekani. Tulikuwa tumeandika "fungua" mahali pa "ondoa". Kitenzi tena! Tukarekebisha. Hatua zilizobaki walizimaliza bila kutuuliza.

Hitimisho

Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Tunalifurahia jambo hilo. Lakini lina maana kwamba watu wengi zaidi watatuletea kurasa kama zile: za dawa ya kunyunyizia mimea, za mashine ya kusaga, za jiko la gesi. Hawatatuuliza kama tunajua ngeli. Wataamini kwamba tulichoandika kinaweza kufuatwa kwa mikono.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wa somo la tafsiri mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi apewe walau zoezi moja kila muhula ambalo halisahihishwi kwa kalamu, bali kwa mtu wa tatu anayelifuata neno kwa neno mbele ya darasa. Hata kama ni kufunga baiskeli mnyororo. Pili, kila kitenzi cha amri kitajiwe yambwa yake, bila kuogopa marudio. Tatu, kila neno lenye "kabla" litangulie tendo lake.

Yule kijana amepona. Tulipomtembelea mara ya mwisho alikuwa akipiga hendeli kwa mkono uleule, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine kama fundi alivyomfundisha, ili hendeli ikirudi isimkamate. Hilo nalo halikuwa katika kurasa zetu. Tumeliongeza.